Erica, Viki, Luke na Laura: visa vya zamani vya tamthilia za mchana vilijengwaje

Mashabiki wa tamthilia za mchana za Marekani wakikutana, ubishi haukawii: kisa gani kiliwahi kuvipita vyote? Mmoja atataja harusi ya Luke na Laura. Mwingine atataja Marlena alipopagawa na shetani. Wa tatu ataapa kwamba hajaona mwigizaji akibubujikwa na machozi kama Judith Light pale kizimbani. Mimi nina kipimo changu na niko tayari kukitetea. Kisa kikubwa ni kile kinachogusa maisha ya nyuma ya mhusika na kuyafanya yaeleweke zaidi. Kisa kibovu ni kile kinachoyafuta.

Aliyezoea tamthilia za Mexico, Ufilipino au Uturuki anajua kwamba hata iwe ndefu namna gani, ina mwisho: harusi, adui anafungwa au anakufa, mambo yameisha. Za mchana za Marekani hazikuandikwa ziishe. Guiding Light ilianza redioni Januari 1937, ikaingia kwenye televisheni Juni 1952, ikazimwa Septemba 2009. Hiyo ni miaka 72. As the World Turns ilianza tarehe 2 Aprili 1956, na aliyetamka maneno ya kwanza kabisa siku ile, Helen Wagner, bado alikuwa Nancy Hughes yuleyule alipofariki Mei 2010, miezi michache kabla kipindi chenyewe hakijafungwa. Mtazamaji aliyekaa na familia ya namna hiyo miaka thelathini anajua mengi kuliko mwandishi aliyeajiriwa mwezi uliopita. Anajua nani aliwahi kumpenda nani, nani alizaa nje, nani ana siri ya kisima. Hiyo ndiyo akiba ya kipindi. Ukiitumia vizuri inaongezeka, na ukiichezea inakwisha, nao watazamaji wanaondoka.

Mfano bora ni Erica Kane wa All My Children, kwa sababu kwake yeye kipindi kilifanya yote mawili, zuri na baya.

Agnes Nixon alikianzisha kipindi hicho Januari 1970, katika mji wa kubuni wa Pine Valley. Susan Lucci aliingia mapema mwaka huohuo akiwa Erica, binti wa shule mwenye sura, kiburi na kiu ya kutazamwa. Mwaka 1973, miezi michache baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuhalalisha utoaji mimba, Erica, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa na daktari Jeff Martin, alitoa mimba. Hakubakwa wala hakuwa mgonjwa. Alitaka kazi ya uanamitindo, na mimba ingemharibia. Kwa televisheni ya mchana ya wakati ule hilo lilikuwa jambo zito, na uzito wake ulitokana na sababu yenyewe: uamuzi ulikuwa wake mtupu, na mtazamaji aliachwa aupime mwenyewe.

Miaka ishirini ikapita. Mwaka 1993 akaingizwa msichana mgeni anayeitwa Kendall Hart, anayejisogeza karibu na Erica. Aliyemwigiza ni Sarah Michelle Gellar, kabla dunia nzima haijamjua. Pole pole siri ikafunguka: Erica akiwa na miaka 14 alibakwa na Richard Fields, mwigizaji rafiki wa baba yake, akazaa, mtoto akapelekwa kwa watu wa kumlea, na Erica akaizika kumbukumbu hiyo mbali kiasi kwamba hata yeye hakuifikia. Kendall ndiye mtoto huyo.

Ukikaa na kalamu, hesabu inagoma. Erica alikuwa mwanafunzi mwaka 1970. Mtoto aliyezaliwa yeye akiwa na miaka 14 alipaswa kuwa amevuka miaka ishirini mwaka 1993, na Gellar alikuwa kigoli wa sekondari. Kwa nini basi watazamaji walisamehe? Kwa sababu hesabu ya moyo ilikubali. Mwanamke aliyeolewa mara nyingi vile bila kutulia, anayemwinda baba asiyemjali, anayetaka kila mwanamume amwabudu lakini asimkaribie sana: kwa siri hii moja, yote tuliyoyaona tangu 1970 yalipata mzizi. Hakuna hata tukio moja la zamani lililogeuzwa kuwa uongo. Gellar alishinda Emmy ya mchana, tuzo kubwa ya televisheni, mwaka 1995. Lucci mwenyewe aliteuliwa mara 18 bila kushinda, na ya kumi na tisa, Mei 1999, ndiyo iliyompa. Jina lilipotajwa ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, na makofi yalikataa kukoma.

Sasa tazama kosa. Mwaka 2005 akaletwa kijana Josh Madden, na muda si mrefu ikatangazwa kwamba ile mimba ya 1973 haikutolewa: daktari aliihamisha kwa siri, akampandikizia mke wake, na Josh ndiye aliyezaliwa. Wengi walicheka kwa sababu za kitabibu, lakini hiyo si hoja. Katika tamthilia hizi watu wamezikwa wazima na kupagawa na pepo, nasi tulikaa tukatazama. Ubaya ni kwamba Erica alinyang'anywa uamuzi wake. Tukio ambalo watu walilishuhudia, wakabishana juu yake, wakalibeba miaka zaidi ya thelathini, wakaambiwa halikutokea. Kendall alimwongezea Erica maisha. Josh alimpunguzia.

Ukitaka kupima kisa chochote cha aina hii, jiulize: je, sehemu za zamani bado zinatazamika kama zilivyo baada ya siri kufichuliwa? Rudi kwa Erica wa 1975 ukijua habari za Kendall, utamwona kwa undani zaidi. Rudi kwa Erica wa 1973 ukijua habari za Josh, utaona unatazama uongo.

Kipimo hicho kinafanya kazi vilevile kwa Viki Lord wa One Life to Live. Kipindi kilianza Julai 1968, na tangu mwanzo Viki alikuwa na nafsi ya pili, Niki Smith: huyu mstaarabu, binti wa tajiri mwenye gazeti, yule mpenda baa na vicheko. Waigizaji wawili walitangulia. Erika Slezak akachukua nafasi Machi 1971 na hakuiacha hadi mwisho. Alishinda Emmy sita. Anapohama kutoka Viki kwenda Niki, usitazame wigi, tazama mabega na kidevu. Viki anashusha sauti anapokasirika. Niki anaegemea vitu.

Kwa miaka karibu thelathini chanzo cha Niki kilikuwa hadithi nyepesi ya utotoni. Mwaka 1995, mwandishi mkuu akiwa Michael Malone, wakaichimba. Zikatokea nafsi nyingine zaidi ya Niki, mojawapo ikamfungia adui yake Dorian katika chumba cha siri chini ya jumba la Llanfair, na mwisho ikajulikana kwamba baba yake, Victor Lord, alimnajisi akiwa mtoto. Watazamaji wa zamani walimkumbuka Victor kama baba mkali anayemtaka binti yake awe kama mtoto wa kiume na anayewachukia wachumba wake wote. Ukali ule ukapata maana ya kutisha, na hakuna kilichobadilishwa. Ikafichuka pia kwamba kifo cha Victor cha mwaka 1976, ambacho Dorian alitupiwa lawama miaka yote hiyo, kilitoka mikononi mwa Viki akiwa katika nafsi nyingine.

Kisha mwaka 2003 kipindi hichohicho kikamrudisha Victor akiwa hai. Kama Victor hakufa, basi Viki hakuua, Dorian hakusingiziwa mauaji yoyote, na ule msiba mzima wa 1995 unakosa miguu. Slezak aliigiza vizuri hata hapo, lakini hakuna mwigizaji awezaye kuokoa kisa kinachokula kisa kingine.

Kwenye One Life to Live kuna sehemu moja ambayo kwangu haina mpinzani: ushahidi wa Karen Wolek, mwaka 1979. Viki anashtakiwa kumuua Marco Dane. Karen, mke wa daktari Larry Wolek, anapanda kizimbani kumtetea, na anaficha jambo: alikuwa anajiuza kwa siri, na Marco ndiye aliyekuwa akimpangia wateja. Mwendesha mashtaka Herb Callison anaanza taratibu, swali dogo, swali dogo jingine. Karen anajibu kama mke wa daktari, mgongo umenyooka, mikono imetulia. Herb anasogea. Sauti ya Karen inaanza kupasuka kabla uso haujapasuka, kisha vyote vinaachia kwa pamoja, anakiri mbele ya mji mzima yeye ni nani, kamera imemganda usoni. Judith Light hapambi kilio: anagumia, anashindwa kupumua, maneno yanatoka yamevunjika. Alipata Emmy mbili mfululizo, 1980 na 1981. Ukipata sehemu hizo, usianze na kukiri. Anza angalau majuma mawili nyuma, umwone Karen akiilinda ile sura ya mke mwema, la sivyo utaona mwanamke anayelia tu. (Marco, kwa taarifa, hakuwa amekufa, aliyekufa ni pacha wake, naye akaishi kwa jina la marehemu. Hiyo ndiyo mchana ya Marekani.)

Nguvu ya sehemu kama hiyo inaeleweka zaidi ukijua mashine iliyo nyuma yake. Kipindi cha saa moja, siku tano kwa wiki, ni takriban sehemu 250 kwa mwaka, bila msimu wa mapumziko. Mwandishi mkuu anaandika mwelekeo wa miezi kadhaa. Kundi la pili linaukata vipande vya siku kwa siku: onyesho gani, nani yumo, linaishia wapi kabla ya tangazo. Kundi la tatu linaandika mazungumzo. Waandishi hao ni wengi na kila mmoja ana mkono wake, kwa hiyo kuna mhariri wa kuhakikisha Viki wa Jumanne hazungumzi tofauti na Viki wa Jumatano. Mwigizaji mwenye kisa kikubwa anaweza kupewa kurasa thelathini au zaidi za kukariri kwa siku moja, na anaporekodi mara nyingi anapata nafasi moja, mbili akibahatika. Kamera ni kadhaa kwa wakati mmoja, onyesho linakwenda moja kwa moja. As the World Turns ilirushwa mubashara hadi 1975. Waigizaji wale walishika mistari kichwani na saa ukutani.

Mikataba ilihesabiwa kwa vipindi vya wiki 13. Kila zinapokwisha, mtayarishaji anaweza kukuacha. Ndiyo maana mhusika mpya anaweza kutoweka ghafla, eti amesafiri. Na ukiona maafa, harusi na waliokufa wanafufuka katika Februari, Mei au Novemba, hiyo ni miezi ambayo idadi ya watazamaji inapimwa ili kupanga bei ya matangazo. Ijumaa ni siku ya kukatiwa uhondo: kisu kimeinuliwa, mlango umefunguliwa, jina limetajwa, subiri Jumatatu.

Harusi ya Luke na Laura kwenye General Hospital iliangukia Novemba pia, tarehe 16 na 17 mwaka 1981, watazamaji takriban milioni 30. Elizabeth Taylor, aliyekuwa shabiki wa kipindi, alikuja kama Helena Cassadine kuwalaani maharusi. Lakini kuifikia siku hiyo kulichukua miaka. Kipindi kilikuwa karibu kufutwa pale Gloria Monty aliposhika utayarishaji mwanzoni mwa 1978. Alifupisha maonyesho, akaongeza kasi, akawaweka vijana mbele. Genie Francis alikuwa ameanza kumwigiza Laura mwaka 1977 akiwa na miaka 14. Anthony Geary aliletwa 1978 kama Luke, kaka wa mhusika Bobbie Spencer, mhuni mdogo wa kupita, kwa mkataba wa wiki 13.

Na hapa lazima jambo lisemwe waziwazi, maana mashabiki wengi huliruka. Oktoba 1979 Luke alimbaka Laura ndani ya disko alilokuwa akilisimamia. Laura alikuwa ameolewa na Scotty Baldwin. Watazamaji walipomshangilia Luke, kipindi kikaanza kuliita tukio hilo kutongozwa, na juu ya jina hilo la uongo yakajengwa mapenzi makubwa kuliko yote ya mchana: kuwakimbia majambazi kiangazi cha 1980, kisha kiangazi cha 1981 kisiwani, kuzuia mashine ya Mikkos Cassadine ya kuugandisha mji kwa baridi. Burudani tele, na nyufa chini.

Kilichoufanya mkasa huu uwe mkubwa kwangu si harusi. Ni mwaka 1998, mtoto wao Lucky, aliyeigizwa na Jonathan Jackson, alipogundua kilichotokea mwaka 1979. Neno lenyewe likatamkwa, ubakaji, na Luke akalazimika kulisikia kutoka kwa mwanawe. Geary hajitetei. Anasinyaa. Miaka 19 ya historia ikatumika bila kufutwa: walipendana kweli, na lile nalo lilitokea kweli. Anayetaka kuona mkasa huu kwa ukamilifu afuate mpangilio huu: Oktoba 1979 na wiki zinazofuata, kiangazi cha 1980, Agosti na Novemba 1981, kisha 1998. Anayeanza na harusi hataelewa hata kwa nini Scotty anatokea pale na kudaka shada la maua.

Kuhusu uandishi, jina la kukumbuka ni Douglas Marland. Aliandika General Hospital mwanzoni mwa enzi ya Monty, akaenda Guiding Light, kisha As the World Turns kuanzia 1985 hadi kifo chake Machi 1993. Aliacha kanuni zake, na ningezibandika kwenye ukuta wa kila chumba cha waandishi: jifunze historia ya kipindi kabla ya kugusa kitu, soma barua za watazamaji, usibadilishe tabia ya msingi ya mhusika, mhusika mpya mfunge kwa wale waliopo, maana mtazamaji anahitaji miezi sita hadi mwaka kumpenda, usimfukuze mtu yeyote katika miezi yako sita ya kwanza. Yeye mwenyewe alizifuata. Alipoileta familia ya Snyder, wakulima, hakuwatupa tu shambani kama wageni. Alimfanya Iva Snyder kuwa mama mzazi wa Lily, binti aliyelelewa na tajiri Lucinda Walsh. Siku ile ile familia ngeni ikawa na damu ndani ya nyumba tunayoijua.

Tatizo jingine la kudumu ni mwigizaji kuondoka. Kama ni ugonjwa wa siku chache, zamani sauti ilitangaza tu kwamba leo nafasi ya fulani inaigizwa na fulani, kazi ikaendelea. Kama anaondoka kabisa, basi ajali na upasuaji wa uso, ili sura mpya ieleweke. Days of Our Lives ilicheza mchezo huu kwa ustadi ambao sijauona kwingine. Wayne Northrop alikuwa Roman Brady, mume wa Marlena (Deidre Hall), akaondoka 1984. Mwaka 1986 akaja Drake Hogestyn kama John Black, asiyekumbuka chochote, mwenye uso uliofanyiwa upasuaji, na ikabainika kwamba yeye ndiye Roman. Watu wakazoea. Kisha 1991 Northrop akakubali kurudi. Waandishi wangeweza kumpa nafasi nyingine. Badala yake wakasema: huyu ndiye Roman wa kweli, alikuwa kifungoni, basi yule mwingine ni nani? Kwa sentensi hiyo moja wakapata kisa cha miaka. John alikuwa amelea watoto wa mtu mwingine na kulala na mke wa mtu mwingine bila kosa lake, naye Marlena akawa na waume wawili moyoni. Penzi la siri lililofuata likamzaa Belle mwaka 1993. Kwa nini hapa kugeuza historia hakukuharibu? Kwa sababu kila walichohisi wahusika katika miaka ile mitano kilibaki kweli. Ni jina tu lililobadilika.

Anayetaka kuvitafuta visa hivi leo ajue kikwazo kimoja: kanda za inchi mbili zilikuwa ghali, na vituo vilizifuta ili kurekodi juu yake. Miaka mingi ya mwanzo ya As the World Turns na Guiding Light haipo tena, isipokuwa sehemu chache zilizonakiliwa kwenye filamu kutoka kwenye skrini. Dark Shadows, yenye mnyonya damu wake Barnabas Collins, ina bahati ya ajabu: kati ya sehemu 1,225, iliyopotea ni moja tu. Kuanzia miaka ya themanini kuna hazina nyingine, VHS za mashabiki waliorekodi nyumbani. Hizi zina kasoro zake. Mara nyingi shabiki alikata maonyesho ya wahusika asiowapenda, kwa hiyo ukiona kisa cha Luke na Laura kimeunganishwa mfululizo, unakosa Bobbie na wengine waliokuwa wakiendesha mambo pembeni, na kasi unayoiona si ya kweli. Tafuta sehemu nzima, hata kama picha ina mikwaruzo. Angalia tarehe kwenye matangazo ya biashara kama yameachwa, maana majina ya faili hukosea mwaka mara kwa mara. Na ukiipata ile kesi ya Karen ikiwa na siku zote za mahakamani, ihifadhi nakala mbili mahali tofauti, maana video hizi huondolewa mtandaoni bila taarifa.